ANICETI KITEREZA: MZEE WA UKEREWE ALIYESUBIRI KITABU CHAKE MIAKA 35

Kuna ubishi mmoja ambao hauishi vijiweni: eti riwaya za mapenzi ya kale, zile zenye wafalme, mahari, wakwe wakorofi na safari za miguu, ni mali ya wazungu, na sisi huku tuliachiwa hadithi za sungura na fisi tu. Anayesema hivyo hajasikia habari za mzee Aniceti Kitereza. Leo namleta hapa kwa kirefu, kwa hiyo kama dakika zako zimebaki chache, ongeza nyingine au itoe kwenye karatasi ukasomee nyumbani.

Kwa wale wasiomjua kabisa: Kitereza alikuwa Mkatoliki, katekista, mtu wa kisiwa cha Ukerewe. Aliandika riwaya kubwa, kubwa kweli, ya zaidi ya kurasa 600, kuhusu mume na mke waliopendana Ukerewe ya zamani, kabla mzungu hajaanza kutoa amri kule. Aliimaliza mwaka 1945. Tia akilini mwaka huo. Chinua Achebe wa Nigeria, ambaye kila mwanafunzi wa sekondari amelishwa jina lake, alitoa riwaya yake ya kijiji cha Waigbo mwaka 1958, miaka 13 baadaye. Euphrase Kezilahabi wa Rosa Mistika, ambaye naye ni wa Ukerewe, alizaliwa mwaka 1944. Yaani mzee anaweka nukta ya mwisho, Kezilahabi bado ananyonya.

Na msiniambie hayo ni mambo ya Mwanza, hayatuhusu. Mkoa wetu umo ndani ya maisha ya mzee huyu. Alisomea Rubya, pale Muleba, jirani zetu hapo juu. Na kitabu chake kilipokuja kupata mchapishaji, nyumba ile ya vitabu ilikuwa inaongozwa na mtu wa Ngara. Tutafika huko, twende polepole.

Kitereza alizaliwa mwaka 1896, tena si Ukerewe. Alizaliwa Usukuma. Hapo pana hadithi. Baba yake alikuwa mtu wa ukoo wa watawala wa Ukerewe, Wasilanga. Wasilanga wenyewe, kwa masimulizi yao, asili yao ni Ihangiro, hii hii ya Muleba, na aliyewavusha ziwa karne kadhaa zilizopita anaitwa Katobaha. Ndio maana mfalme wao waliita omukama, kama Buhaya, kama Karagwe, kama kwetu Rusubi. Sasa, kuzaliwa kwenye ukoo wa mfalme siku hizo haikuwa raha tu. Mfalme alimwangalia ndugu yake kwa jicho la pembeni, maana ndugu ndiye anayeweza kukalia kiti chako. Zama za Omukama Lukonge baba yake Kitereza aliona mambo yanakuwa mazito, akahamia Usukuma.

Huyu Lukonge wazungu walimjua vizuri. Stanley alifika kwake mwaka 1875 akitafuta mitumbwi. Mwaka 1877 wamisionari wawili wa Kiingereza waliuawa pale kisiwani, Smith na O'Neill, na habari ikafika mpaka London. Mwisho wake ulikuja mwaka 1895: ulitokea ugomvi na misheni mpya ya Kikatoliki, Wajerumani wakaingia na bunduki zao, wakamwondoa Lukonge, wakamweka Mukaka. Kwa hiyo Kitereza anazaliwa mwaka mmoja tu baada ya ufalme wa kwao kupinduliwa, tena akiwa ugenini. Nadhani hiyo inasaidia kuelewa kwa nini baadaye alikuwa na hamu kubwa namna ile ya kuandika jinsi watu walivyoishi kabla ya hapo. Alikuja duniani mlango ule umeshafungwa. Aliyoyajua kuhusu enzi za nyuma aliyapata kwa wazee.

Mwaka 1901 ndui ikamchukua baba yake. Mama akamshika mtoto, wakarudi Ukerewe, wakapokelewa kwa Mukaka. Kijana akakulia karibu na boma la mfalme, penye wazee, wageni, kesi, ngoma na masimulizi. Shule ya kwanza ndiyo hiyo. Shule ya pili ilikuja mwaka 1905, pale mfalme alipowapeleka vijana wa kwake wasome kwa mapadri wa Kagunguli. Misheni ile ilikuwa ya White Fathers, hao hao mliowajua huku kwetu. Kitereza akaingia darasani. Mwaka 1907 akabatizwa, ndipo akapata hilo jina la Aniceti, ambalo ni jina la papa mmoja wa karne ya 2.

Alikuwa na kichwa chepesi. Mwaka 1909 mapadri wakamchagua aende seminari ya Rubya.

Hapa tutulie kidogo. Rubya ya leo watu wanaijua kwa hospitali. Ila miaka ile Rubya ilikuwa ndiyo chuo. Kwa vijana Wakatoliki wa ukanda huu wote wa ziwa hapakuwa na ngazi ya juu kuliko hiyo. Ni hapo mwaka 1917 walipowekwa wakfu mapadri wa kwanza Wakatoliki wazalendo wa nchi hii. Ni hapo hapo baadaye alipopita Laurean Rugambwa, ambaye mwaka 1960 alikuja kuwa kardinali wa kwanza Mwafrika. Kitereza alikaa Rubya miaka 10. Kijana ambaye mababu zake walitoka Ihangiro kwa mtumbwi alirudi Ihangiro na daftari. Akasoma Kilatini, akasoma Kijerumani, maana serikali ilikuwa ya Mjerumani, akasoma falsafa na mafundisho ya dini. Lugha zilimwingia kama maji kwenye mchanga.

Na vita kuu ya kwanza ilimkuta huko huko. Juni 1915 Waingereza walishambulia Bukoba mjini. Juni 1916 walichukua Ukerewe. Mwezi huo huo majeshi ya Wabelgiji yalishuka kutoka upande wa Rwanda na Burundi, yakapita huku kwetu, yakaichukua Biharamulo na boma lake la Mjerumani, yakaendelea kuelekea Tabora. Kwa hiyo mwanafunzi aliyekuwa anakariri Kijerumani akajikuta Mjerumani mwenyewe ameondoka. Baadaye ikabidi ajifunze Kiingereza. Bila shaka wazee wenu Biharamulo walikuwa na masimulizi ya vita hiyo. Kama kuna bibi au babu aliyewahi kukusimulia aliyoyasikia kwa mzazi wake, andika, usingoje.

Mwaka 1919 Kitereza akaacha seminari. Hakuwa padri. Akarudi nyumbani, na mwaka huo huo akaoa. Mke wake aliitwa Anna Katura.

Wadau, hii ndoa ndiyo moyo wa habari yote. Ndoa ya Aniceti na Anna haikubaki na mtoto hata mmoja. Sasa fikirieni. Mwaka 1920 na kitu, kisiwani, mwanaume wa ukoo wa watawala, msomi, hana mtoto. Watu wa makamo wanaosoma hapa wanajua maneno yanavyokuwa. Hata leo, Ngara au Biharamulo, kaa kwenye ndoa miaka mitatu bila mtoto uone. Mawifi wataanza kuhesabu miezi, shangazi atakuja kulala wiki nzima bila kusema amefuata nini, na lawama zote atabebeshwa mwanamke, hata kama hakuna aliyewahi kwenda kupimwa. Kwa mila ya kwao, dawa ilikuwa moja na kila mtu aliijua: oa mwingine. Hakuna ambaye angemshangaa.

Kitereza hakuoa mwingine. Alikuwa Mkristo, ameapa mbele ya altare kuwa na mke mmoja, basi akabaki naye. Unaweza kusema ni dini tu ilimfunga. Mimi sikubali sana. Dini iliwafunga wengi, na wengi walifungua kamba usiku. Huyu alikaa na Anna, na aliposhika kalamu kuandika kitabu cha maisha yake, hakuandika juu ya vita wala juu ya wafalme ambao alikuwa ndugu yao. Aliandika juu ya mume na mke wasio na mtoto.

Kati ya ndoa na kitabu kuna miaka mingi ya kutafuta riziki. Alifanya kazi kwa wafanyabiashara Mwanza, kazi za mtu anayejua kusoma, kuandika na kuongea na kila mzungu kwa lugha yake. Baadaye akarudi Kagunguli, akatumika misheni kama katekista, mwalimu na mfasiri. Na muda wote huo alikuwa anakusanya. Hadithi, methali, majina ya mimea, desturi za misiba, historia ya wafalme. Alikuwa anaona vijana wa kisiwani wanaanza kusahau, na yeye alikuwa mmoja wa wachache waliokuwa na vitu viwili kwa pamoja: masikio yaliyosikia wazee wa zamani, na mkono uliojua kuandika.

Padri mmoja kutoka Kanada, Almas Simard, ndiye aliyempa nguvu. Si mapadri wote wa zama zile walitaka kusikia habari za matambiko na waganga, lakini huyu aliona thamani. Kitereza akaandika kwa Kikerewe, lugha ya mama, na mwaka 1945 kazi ikakamilika.

Sasa riwaya yenyewe. Jina lake refu kama treni: Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka na Ntulanalwo na Bulihwali. Baba, mama, mtoto wa kiume, mtoto wa kike. Na majina hayo hayakuwekwa hivi hivi. Anayesema Kihaya, Kizinza au Kisubi atayasikia bila kamusi. Myombekere ni mjenzi, mtu wa kujenga nyumba. Bugonoka ni kitu kinachokuangukia ghafla, balaa ambalo hukulitegemea. Ntulanalwo: ninaishi nacho, yaani kifo, kipo nami siku zote. Hata wewe wa Ngara unayesema gutura kwa maana ya kukaa mahali umeshakamata mwanzo wa jina hilo. Bulihwali ni swali: utaisha lini, huu uchungu? Familia nzima ukiwaita kwa majina waje kula, umeshasimulia maisha ya mtu aliyezika matumaini mara nyingi.

Kwa kifupi mambo yanakwenda hivi. Myombekere anampenda mkewe na mkewe anampenda. Hawana mtoto. Ndugu wa mume wanaanza maneno, wanamtukana mwanamke, wanamshauri mume atafute mwingine. Maneno yanafika kwa wazazi wa Bugonoka, wanakuja juu, wanamchukua binti yao wanarudi naye nyumbani. Mume anabaki peke yake kwenye nyumba. Anajipikia, kitu ambacho mwanaume wa zama hizo hakupaswa kuonekana akifanya. Angeweza kuoa mwingine kesho yake. Yeye anafunga safari kwenda kwa wakwe, kuomba.

Na wakwe hawamrudishii kirahisi. Wanamtoza faini: mitungi ya pombe ya ndizi. Hapo ndipo utamu ulipo, maana Myombekere hana ndizi za kutosha, inabidi azunguke kwa jamaa kuomba, kisha aziivishe, azikamue, aiandae ile pombe hatua kwa hatua, aibebe mpaka ukweni. Kitereza hakuruki hata hatua moja. Mtu wa Muleba au Biharamulo anayejua rubisi inavyotengenezwa atasoma kurasa zile huku anatikisa kichwa, kwamba huyu mzee kweli alikuwepo kwenye kazi.

Mke anarudi. Mganga anapatikana, Bugonoka anatibiwa, dawa zinachukua muda, na hatimaye anapata mimba. Ntulanalwo anazaliwa, halafu Bulihwali. Nusu ya pili ya kitabu ni ya watoto hao, hasa Ntulanalwo, anavyokua, anavyougua, anavyoua joka, anavyooa, anavyoingia kwenye mambo ya watu wazima. Katikati ya yote kuna kilimo, uvuvi, salamu, ukoo, misiba, mvua, dawa.

Niseme ukweli wangu: si kitabu cha kusoma mbio. Wewe uliyezoea riwaya za mapenzi za magazetini, za wiki hii kamfumania na wiki ijayo kamwagia tindikali, hapa utaona mzee anachelewa. Anasimama kwenye salamu kurasa nzima. Anakueleza mkuki unavyoshikwa. Mara nyingine unataka kumwambia mzee sogeza hadithi. Ila ukishazoea mwendo wake unagundua kwamba kuchelewa huko ndiko kunakokufanya uwaonee huruma Myombekere na Bugonoka. Umekaa nao, umelima nao, umebeba nao ile mitungi. Basi mimba inapoingia unafurahi kama wifi aliyetubu.

Jambo lingine linalonishangaza: mwandishi ni katekista, lakini ndani ya kitabu hakuna mahubiri. Watu wake wanaabudu mizimu ya mababu, wanakwenda kwa waganga, na yeye hawacheki wala hawalaani. Waganga wenyewe wapo wakweli na wapo matapeli, kama ilivyo kwenye kazi yoyote. Ukristo wake ukiutafuta, utauona sehemu moja tu, kwenye yule mume aliyekataa kumwacha mke wake kwa sababu hana mtoto. Na hata hapo hajamtaja Yesu, maana katika Ukerewe ile Yesu alikuwa hajafika.

Na hapa pana kitu kinachouma. Myombekere na Bugonoka walipata watoto. Aniceti na Anna hawakubaki na yeyote. Mzee aliwapa watu wake wa kwenye karatasi kile ambacho yeye hakupewa.

Baada ya 1945 kikaanza kipindi cha kusubiri. Simard alihangaika na mswada ule, akaanza hata kuutia kwenye Kifaransa, lakini alifariki bila kuona kitabu. Tatizo halikuwa ubora. Tatizo lilikuwa lugha. Kikerewe ni lugha ya kisiwa. Ni kisiwa kikubwa, kikubwa kuliko vyote vya ndani ya maziwa ya Afrika, lakini hata hivyo ni kisiwa. Mchapishaji gani atapiga chapa kitabu cha kurasa mamia kwa wasomaji wale? Mitambo ya misheni ilichapa katekisimu, sala na nyimbo. Serikali ya Mwingereza ilikuwa inasukuma Kiswahili na Kiingereza. Mwaka ukaisha, ukaja mwingine. Uhuru ukaja 1961. Machifu wakafutwa muda mfupi baadaye, na ukoo wa Kitereza haukuwa tena wa watawala. Azimio la Arusha 1967. Mswada bado umekaa.

Nawauliza vijana wa Ngara mnaozungumza Kihangaza na Kishubi, na wa Biharamulo mnaozungumza Kisubi na Kizinza: lugha zenu zina riwaya ngapi? Msije mkanijibu kwamba lugha ndogo haziwezi. Lugha ya mzee huyu ilikuwa ndogo vile vile na aliijazia zaidi ya kurasa 600.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 wakatokea Wamarekani wawili, mtu na mkewe, Gerald na Charlotte Hartwig. Gerald alikuwa mwanahistoria, alikuja Ukerewe kutafiti biashara ya masafa marefu ya karne ya 19, kazi aliyokuja kuitolea kitabu mwaka 1976. Kila aliyeulizwa nani anajua mambo ya zamani alimwonyesha njia ya kwenda kwa Kitereza. Wakamkuta mzee wa zaidi ya miaka 70, baridi yabisi imemkamata viungo, maisha yenyewe ya shida, na mswada wake upo.

Hartwig akaona mara moja kwamba kile si kitu cha kuachia panya. Ila akamweleza ukweli uchungu: kwa Kikerewe hakitatoka. Kama mzee anataka watu wakisome, akitie kwenye Kiswahili.

Jamani, jiwekeni kwenye nafasi yake. Uliandika kitabu ili lugha yako isife. Umekisubirisha zaidi ya miaka 20. Halafu unaambiwa kitapona kikiacha lugha hiyo. Wapo ambao wangekasirika wakafunga kabati. Kitereza alikaa chini, na mikono ile inayouma, akaanza upya ukurasa wa kwanza. Akafasiri mwenyewe, kitabu kizima. Ndiyo maana Kiswahili chake si cha pwani wala si cha darasani. Kina mwendo wa Kikerewe ndani yake, maneno ya nyumbani yamebaki humo yakifafanuliwa pembeni, na mtu wa bara la ziwa anakisoma anasikia kama babu yake anaongea.

Mswada wa Kiswahili ukafika Dar es Salaam, Tanzania Publishing House, wengi tunaijua kama TPH. Na hapa Ngara nyoosheni mkono. Meneja mkuu wa TPH kuanzia 1972 mpaka 1990 alikuwa Walter Bgoya, mzaliwa wa Ngara. TPH ya Bgoya ndiyo iliyomchapa Walter Rodney na kitabu chake kuhusu jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika, kitabu kilichozunguka dunia. Nyumba hiyo hiyo ikakubali kubeba mzigo wa katekista wa Kagunguli. Si jambo dogo. Kitabu kinene hivyo ni karatasi nyingi na ni fedha nyingi, na mwandishi hakuna anayemjua. Mchapishaji mwenye haraka ya faida angesema kipunguzwe nusu.

Kwa hiyo kitabu kikatoka kikiwa na mwaka 1980 ndani yake. Uchapaji wenyewe ulifanyika China, na miaka ile nchi yetu ilikuwa ndiyo kwanza inatoka vitani na Idi Amin, vita ambayo Kagera tuliilipia kuliko wengine. Mizigo ilichelewa, kila kitu kilichelewa. Nakala zilikuwa njiani.

Aniceti Kitereza alifariki tarehe 20 Aprili 1981, akiwa na umri wa miaka 85. Kitabu kilichopigwa chapa hakikuwahi kufika mikononi mwake.

Miaka 35 tangu amalize Kikerewe, halafu zinakosekana wiki. Mimi nilipojua hilo kwa mara ya kwanza nilikasirika, na sikujua nimkasirikie nani. Meli? Posta? Hakuna mtu wa kumshika shati.

Dunia ilikuja kumjua baadaye. Mjerumani Wilhelm Möhlig alikitia Kijerumani, kikatoka kwa vitabu viwili, cha kwanza mwaka 1991 na cha pili 1993. Fikiria: lugha ambayo mzee aliisoma Rubya akiwa kijana ndiyo iliyokuwa ya kwanza kumpokea nje ya Afrika. Kikatoka na Kifaransa. Wataalamu wa fasihi wakaanza kuandika makala, wanafunzi wa vyuo vya Ulaya wakawa wanajua faini ya mitungi ya pombe ya ndizi, huku vijana wetu wengi wakiwa hawajamsikia.

Halafu akaja Gabriel Ruhumbika. Huyu naye ni Mkerewe na naye ni mwandishi, alitoa Village in Uhuru mwaka 1969, na jina lake ni jina la mmoja wa wafalme waliomfuata Mukaka. Ruhumbika alikuwa akifundisha Marekani. Alipotaka kukitia kitabu kwenye Kiingereza hakuanza na kile cha Kiswahili cha TPH. Alirudi kwenye Kikerewe, kwenye mswada ule wa 1945 ambao kila mtu alisema hauna soko, akafasiri kutoka humo. Kikatoka mwaka 2002, Dar es Salaam, kwa Mkuki na Nyota, kampuni ambayo Bgoya wa Ngara aliianzisha mwenyewe mwaka 1991.